Dada Ameanika Mabuti

Bimdogo wa Newala alikuwa na jozi moja ya mabuti ya kijeshi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona mguuni mwa mtu. Yeye mwenyewe asingeyaweza. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mguu wa kuenea kiatu cha mtoto wa darasa la tatu, na mabuti yale yalikuwa makubwa kiasi kwamba kuku wake mmoja aliwahi kutotoa vifaranga sita ndani ya la kushoto. Kwa kawaida yalikaa uvunguni. Lakini mara moja moja, labda mara nne kwa mwaka, Bimdogo aliyatoa, akayafunga pamoja kwa kamba zake, akayaning'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, upande ule unaoonekana kutoka barabarani.

Hapo jirani yake Anjelina, bila kutumwa na mtu, alijifunga kanga akaenda stendi, akamtafuta konda wa basi la Masasi. "Ukifika Mkomaindo," anamwambia, "mwambie Stefano, yule fundi baiskeli, kwamba dada yake ameanika mabuti."

Makonda wengi wamepita kwenye mabasi hayo, mmoja anaacha kazi mwingine anashika, na wote waliupeleka ujumbe huo bila kuuliza maana yake. Kesho yake, au keshokutwa kama tairi zilipasuka njiani, Stefano anashuka Newala na mfuko wake wa spana begani, jasho linamtiririka, anaingia uani na kusema, "Dada, nimekosa nini tena?"

Watu waliona ni mambo ya utani. Stefano ni Mmakua na Bimdogo ni Mmakonde, makabila yanayotaniana tangu zamani, wana ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana kuku bila kufikishana popote. Wengine walisema mabuti yale yana mzimu. Anjelina alishikilia kuwa ni ya mwanamume fulani wa zamani, na alipolisema hilo alikonyeza jicho. Bimdogo aliacha kila mtu aamini anachotaka, maana alifurahia uongo wa watu kuliko wengine wanavyofurahia pilau. Ukweli waliujua wawili tu, na ulianzia mwaka 1972, chini kabisa ya mteremko, kwenye kisima.

Mwaka huo Bimdogo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Lukmani, na mume aliyekwenda kukata mkonge Tanga akasahau njia ya kurudi. Aliishi kijiji cha ukingoni mwa Newala, pale nchi ya juu inapokatika ghafla na Ruvuma inaonekana kwa mbali huko chini. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Mreno alikuwa hataki kuondoka, wenye nchi walikuwa wanamwondoa, na kwa kuwa wapiganaji walipata hifadhi upande wetu, askari wa Mreno walikuwa wakivuka na kutega mabomu ya ardhini kwenye njia za watu. Njia za watu, si za wanajeshi. Anayetega bomu kwenye njia ya kisimani anajua vizuri nani atalikanyaga.

Aliyelikanyaga alikuwa Hamudi, kaka wa pekee wa Bimdogo. Alikuwa anateremka njia ya mkato asubuhi, hajafika mbali, pale penye mkorosho uliopinda, na kilichorudishwa nyumbani kilitosha kwenye shuka moja.

Sasa ni lazima kueleweka Hamudi alikuwa nani. Kwa Wamakonde baba ni mtu wa heshima, hakuna anayekataa, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Mjomba ndiye anayempeleka mtoto jandoni na kumbeba mabegani siku ya kutoka. Mjomba ndiye anayemposea, anayemkemea, anayesimama mbele za watu na kusema huyu ni wangu. Waliomuua Hamudi waliua watu wawili kwa mpigo mmoja, kaka wa Bimdogo na mjomba wa Lukmani. Siku ya arobaini Bimdogo alinyanyua panga mbele ya wanawake wote akaapa: yeyote katika wale watu atakayeingia mkononi mwake, atamkata palepale penye mkorosho uliopinda. Hakuna aliyecheka. Walijua mikono yake ni midogo lakini kiapo chake si kidogo.

Ilitimia miezi mitatu tangu Hamudi afe. Pampu ya kupandisha maji ilikuwa imekufa kama kawaida yake, na wanawake wakawa wanateremka bondeni kuchota, saa nzima kushuka na saa mbili kupanda na debe kichwani. Njia ya mkato ilikuwa imesuswa tangu siku ya Hamudi. Watu wote walizunguka njia ndefu. Siku hiyo Lukmani aliamka na homa, kwa hiyo Bimdogo akamwacha kwa bibi yake na kuteremka mchana, peke yake, wenzake wakiwa wameshatangulia.

Alipofika kisimani aliona mabuti mawili yamechomoza kwenye matete. Mabuti yalikuwa na miguu, na miguu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakoroma.

Alikuwa kijana wa rika lake, kifua wazi, amevaa kaptula iliyochanika. Alikuwa ametoroka jeshini siku mbili kabla. Sare alikuwa ameizika, kofia ameizika, bunduki ameitupa mtoni, kila kitu cha kumtambulisha amekiondoa kwa akili sana. Mabuti tu ndiyo yaliyomshinda. Yalikuwa mabuti mazuri, na mtu aliyekulia peku haachi mabuti mazuri kirahisi.

Bimdogo alimwekea ubapa wa panga shingoni. "Amka," alisema. "Kwenu wageni wanalala kisimani?"

Kijana alifumbua macho, akaona panga, akaona aliyelishika, na Bimdogo alikasirika sana kuona kwamba kidogo uso wa yule mtu ulipata nafuu. Akakandamiza panga. Nafuu ikaondoka.

Tatizo likawa kamba. Hakuwa nayo. Kumwongoza mwanamume mwenye nguvu kupanda mteremko wote ule, mikono yake ikiwa huru, ilikuwa ni kutafuta kifo. Bimdogo akafikiri kidogo, akajaza debe mpaka ukingoni, akaweka majani mabichi juu ili maji yasirukeruke, akasokota ngata ya nguo na kumwekea kijana kichwani.

"Beba."

"Mimi? Kichwani?"

"Ulitaka ubebe kwa mkia? Shika kwa mikono yote miwili. Na ukimwaga tone moja nakukata hapohapo."

Hizo ndizo zilikuwa pingu. Mtu mwenye debe la maji kichwani, na hajazoea, hana mikono, hana shingo, na akili yote iko juu kwenye maji. Bimdogo alimwacha atangulie hatua kumi, ili hata akilitupa debe lisimfikie, akamfuata na panga begani. Walipofika panapogawanyika njia akamwambia apande ile ya mkato. Ndiyo inayopita penye mkorosho uliopinda, na kiapo ni kiapo.

Kijana akasita. "Dada, hakuna njia nyingine?"

"Mvivu wewe. Panda."

Wakapanda. Jina lake lilikuwa Stefano. Alisema walimchukua kwao kwa nguvu miaka miwili iliyopita, wakampa bunduki na mabuti. Alizungumza Kiswahili cha kuokoteza, na kila kilipomwishia aliingiza Kimakua, na kwa hilo Bimdogo akapata la kusema.

"Kumbe Mmakua! Ndiyo maana. Nilishangaa ni askari gani anayekamatwa amelala."

Stefano, shingo imeingia kifuani kwa uzito, alihema hatua tatu nzima kabla ya kujibu. "Na nyie Wamakonde," alisema, "mmejenga juu mlimani, maji mkayasahau chini, halafu mnashangaa watu wanaolala."

Kicheko kilimfika Bimdogo kooni. Alikirudisha kwa nguvu, na akamchukia yule mtu zaidi kwa kumfanya karibu acheke, kwenye njia ile, miezi mitatu tu baada ya Hamudi.

Walipokaribia kona yenye jiwe jeupe Stefano alipunguza mwendo. Akanyanyua mguu juu kama jogoo anayevuka dimbwi, akautua mbali. Akaendelea hatua mbili, tatu, tano. Bimdogo alikuwa anaangalia maji yasimwagike, basi. Halafu Stefano akasimama. Hakugeuka, kwani mwenye debe hageuki ovyo.

"Dada, simama hapohapo. Usikanyage hapo chini ya jiwe."

"Kwa nini?"

Stefano alilishika debe kwa nguvu zaidi.

"Nimekuuliza kwa nini."

"Lipo moja hapo."

"Umejuaje?"

Majani juu ya debe yakaanza kutikisika. "Nililifukia mimi," alisema. "Tulikuwa watatu, jembe nilishika mimi. Hilo, na lile la juu."

Bimdogo alisimama na mguu mmoja mbele. Alihesabu hatua zilizobaki kati yake na jiwe, zilikuwa nne. Hatua nne, na yule mtu angebaki huru, angeweka debe chini na kwenda zake, wala hakuna ambaye angejua chochote. Alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote, na wakati huohuo alijua kwamba Lukmani alikuwa bado ana mama kwa sababu ya huyuhuyu. Hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kifuani mwake. Akakusanya kanga, akaruka, akaendelea kupanda.

Mkorosho uliopinda ulikuwa umechunwa ganda upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa unatoa maua.

"Simama," alisema Bimdogo. Stefano akasimama. "Usitue debe." Hakutua. "Una dada?"

"Wawili."

"Wana watoto?"

"Mkubwa anao wawili."

"Mjomba wao nani?"

"Mimi."

"Na mwanangu alikuwa naye mjomba," alisema Bimdogo. "Alifia hapo uliposimama."

Stefano aliangalia chini kwa macho tu, maana kichwa hakikuweza. Machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa juu. Yalishuka mpaka kidevuni, yakaning'inia. Bimdogo aliyaangalia yale machozi yasiyo na mfutaji, akajikuta anataka kumfuta yeye, na hasira zikampanda kwa hilo pia.

"Nimeapa nikukate hapa."

"Kata, dada."

"Nikikukata maji yatafikishwa na nani?"

Bimdogo mwenyewe alijua kuwa hilo halikuwa swali la maana, lakini ndilo lililokuja, na akalishika hilohilo. Kumkata lilikuwa jambo la mara moja. Panga moja, basi, amepumzika. Hamudi hakumaliza kazi yake. Kwa nini aliyemuua apumzike?

"Sikukati," alisema. "Utakuwa mjomba wa Lukmani."

Wamakua nao watoto wao ni wa mjomba. Stefano hakuhitaji kuelezwa.

"Mjomba kabisa?"

"Kabisa. Jando, posa, misiba, kuezeka, kukemewa na dada. Nikikuita unakuja. Mpaka ufe."

Stefano alilisawazisha debe lililokuwa likimdidimiza.

"Dada," alisema, "labda unikate tu."

Bimdogo akacheka. Alicheka mpaka akashika mkorosho, mara ya kwanza tangu shuka ile iletwe nyumbani, na alipomaliza alikasirika mno hata akamchapa Stefano kwenye shavu la mguu kwa ubapa wa panga. "Tembea," alisema. "Na usimwage maji."

Kabla ya kuingia kijijini alimvua mabuti, akayafukia kwenye majani ili ayarudie usiku. Hilo nusura liharibu kila kitu. Mtu aliyezoea mabuti miaka miwili, kwenye mchanga wa mchana wa Newala, anatembea kama anacheza ngoma ya wageni. Mzee Ashiru, mjumbe wa nyumba kumi, aliwaona kwa mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Mkimbizi. Wa ng'ambo. Nimemwokota kisimani." Wakimbizi walikuwa wanaingia kila wiki siku zile, na Bimdogo alidanganya bila kupepesa.

Mzee Ashiru alizunguka, akatazama nyayo. "Mkimbizi gani ana nyayo laini hivi?"

"Kasoma misheni."

"Watoto wa Chidya wanasoma misheni, na nyayo zao magome matupu."

"Hao wa kwetu. Huko kwao padri anawagawia viatu."

"Na mwanamume anayebeba debe kichwani?"

"Sasa mzee, ningemwachaje mwanamume wa namna hiyo?"

Wanawake waliokuwa wamekusanyika waliangua kicheko, na watu wakishacheka hivyo si rahisi tena kumpiga mtu. Kisha Bimdogo akasema mkimbizi huyu ana macho makali, ameona bomu penye jiwe jeupe. Wanajeshi wetu waliletwa wakalilipua, kishindo kikasikika mpaka mbali, na Stefano akawa shujaa. Kijiji kilimchinjia jogoo. Alikula ameinamisha kichwa, na Bimdogo, aliyekaa karibu naye, alimnyang'anya paja lote na kulitafuna huku akimtazama usoni.

Ndivyo ilivyoanza adhabu. Miaka mitatu Stefano alichota maji na kuchekwa na wanaume wote wa ukingoni. Vita vilipokwisha ng'ambo na Mreno akaondoka, alisema anataka kwenda kuwatazama dada zake. Bimdogo aliyasukuma mabuti uvunguni mpaka mwisho, akamwambia nenda. Akajiambia huyo hatarudi, na kwamba ni sawa. Haikuwa sawa. Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha Stefano alitokea uani, vumbi tupu, na chupa ya asali mkononi.

"Kule nimekuta wapwa watano," alisema. "Nimekuja kupumzika."

Baadaye alihamia Masasi, kwenye Wamakua wenzake, akaoa, akapata binti aitwaye Salome, akawa fundi baiskeli pale Mkomaindo. Ndipo mabuti yalipoanza kazi. Akichelewa kuja kuezeka, yanaanikwa. Lukmani akifanya ujeuri shuleni, yanaanikwa. Stefano alimpeleka Lukmani jandoni na siku ya kutoka akambeba mabegani mbele ya ngoma, mtoto mnene, na mgongo haukupona sawasawa tangu siku ile. Alikwenda Tandahimba kumposea mke, akakosea nyumba, akaposa binti wa jirani kwa maneno mazuri kabisa, ikawachukua siku mbili kuifuta posa hiyo. Bimdogo alimwanikia mabuti wiki nzima, ingawa Stefano alikuwa akilala palepale nyumbani kwake.

Hakumwita kaka hata siku moja. Alimwita "we Mmakua." Na kila safari, kabla ya kurudi Masasi, Stefano alisimama mlangoni akasema, "Dada, lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Debe limejaa?"

Stefano anachukua debe anakwenda kuchota. Hata bomba lilipoingia uani, hatua sita kutoka mlangoni, alichota na kulibeba kichwani hatua hizo sita, akalitua, akaondoka bila neno lake. Bimdogo alijua kabisa analolifanya. Aliogopa kwamba akishalitamka, Hamudi atakuwa amekwisha, na huyu naye hatakuwa na sababu ya kuja. Hilo la pili lilimtia aibu, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Mwaka jana Stefano akaugua moyo, akalazwa hospitali ya Mkomaindo. Bimdogo, miaka sabini na mitatu, alipanda basi akaenda. Alimkuta amepungua, mikono ile ya kushika spana imebaki mifupa.

"Umechakaa, we Mmakua."

"Nyie mlimani, maji mmeshayapata?"

Walicheka. Halafu Stefano akamshika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Dada, lile neno. Safari hii sitanii."

Bimdogo aliona macho yale, na neno likamjia mpaka mdomoni. Lakini akafikiri: huyu akishalipata ataondoka. Akalimeza. "Pona kwanza," alisema. "Ukipona, uje Newala unichotee debe moja, nitakwambia."

Stefano alicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Bimdogo alirudi Newala akiwa na hakika kwamba amemfunga. Mtu hawezi kufa akiwa na debe la watu la kuchota. Siku ya tatu, alfajiri, Stefano akafa.

Alienda kuzika, akakaa upande wa wafiwa, wala hakutania, na Wamakua waliokuwa wamejiandaa kwa vituko vyake walishangaa. Alirudi nyumbani. Wiki nzima hakumsema mtu vibaya, mpaka Anjelina akadhani anaumwa. Siku ya nane, hajui kwa nini, alitoa mabuti uvunguni akayaanika. Na Anjelina naye, kwa mazoea ya miaka, akajifunga kanga akaenda stendi, na alipogundua amefanya nini basi lilikuwa limeshaondoka.

Mchana simu ikalia.

"Shangazi, shikamoo. Ni Salome."

"Marahaba, mwanangu."

"Konda amekuja kwangu. Anasema umeanika mabuti."

"Nimezoea tu."

"Shangazi, baba aliniachia maneno. Alisema nisikuambie mpaka siku utakayoanika mabuti na yeye hayupo. Mimi nilidhani ni homa."

"Kasemaje?"

"Kasema: mwambie dada safari hii siji. Debe ni zamu yake."

Bimdogo alikaa chini uani na simu mkononi. Alicheka mpaka Anjelina akachungulia uani, na Anjelina alipochungulia alikuta ni kilio.

Siku ya arobaini alishuka Masasi na kapu lenye mabuti na lile debe la bati, lililozibwa matundu mara nyingi. Alilijaza bombani kwa Salome mpaka ukingoni, akaweka majani juu, akajitwisha. Watu wakapiga kelele. Lukmani, mwenye miaka hamsini na tatu na mvi kichwani, alitaka kumpokea.

"Mama, unataka kufa?"

"Kaa nyuma hatua kumi. Wewe beba kapu. Wengine mbaki hapohapo."

Makaburi yako kwenye mwinuko, chini ya majabali. Alipanda polepole, shingo imeingia kifuani, na mara mbili alisimama, na mara zote mbili Lukmani alikatazwa kusogea. Alifika. Hapo tu ndipo alipomruhusu mwanawe amtue. Akamwaga maji juu ya udongo, kidogo kidogo, kuanzia kichwani mpaka miguuni, mpaka debe likaisha. Akachukua mabuti, akayapanga upande wa miguu, la kulia kulia na la kushoto kushoto.

"Nimekusamehe, kaka," alisema.

Lukmani alisikia. "Mama, umemsamehe nini mjomba?"

Bimdogo alijifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama mwanawe, mwanamume mzima, aliyelelewa vizuri na kukemewa inavyopaswa.

"Mjomba wako Hamudi," alisema, "aliuawa na mjomba wako Stefano. Beba debe twende."